Kidaka cha Katikati

Anyesi amezikwa Makambako mwezi uliopita, siku ya upepo, na wajukuu zake waliniita niwashauri juu ya kaburi. Walijua mimi ni fundi mstaafu, walijua niliwahi kumfahamu bibi yao ujanani, na zaidi ya hapo hawakujua kitu. Walikuwa wamekwisha kuchagua vigae vyeupe, kijumba cha bati juu yake, na geti dogo la chuma lenye kufuli. Nikawauliza kufuli la nini. Mmoja wao akanijibu, "Pasichezewe, babu." Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu vigae vyeupe juu ya udongo mwekundu, maana katika mambo ya ujenzi ulimi wangu haujazeeka. Lakini mtu wa mwisho duniani wa kuwashauri watu wa nyumba ile namna ya kuwajengea wafu wao ni mimi. Nikawaambia vigae vitapendeza. Nikarudi Njombe kwa basi la mchana, nikakaa dirishani, na tulipopita mahali ambapo njia ya zamani inaachana na lami nikajifanya natafuta miwani mfukoni. Sasa hakuna aliye hai anayeweza kuumizwa na habari hizi isipokuwa mimi, kwa hiyo naziandika.

Mwaka wenyewe ulikuwa mmoja wa ile ya mwisho mwisho ya Waingereza, wakati habari za uhuru zilikuwa zinafika Njombe kwa redio ya karani wa boma na kuishia hapo hapo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwashi niliyefundishwa katika karakana ya misheni, na kilichonitofautisha na waashi wenzangu ni kwamba nilijua kuchora ramani. Mzungu aliyenifundisha alikuwa na majarida yenye picha za majengo ya kwao, na kati yake zilikuwamo kumbukumbu za watu waliokufa vitani. Hazikuwa minara wala sanamu za watu juu ya farasi. Zilikuwa kuta fupi katikati ya misitu, hazina paa, na miti imeachwa isimame pale pale ilipokuwa. Nilizitazama picha zile mpaka kurasa zikalegea. Kwa hiyo usharika mmoja wa upande wa Makambako ulipoandika kuomba fundi wa kuwajengea kumbukumbu, nilinyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza kusoma barua.

Wafu wao hawakuwa wa vita, walikuwa wa mkonge. Wanaume wa nyanda zetu walikuwa wakitembea mpaka Makambako, wanaandikishwa, wanapewa namba na blanketi, kisha wanapandishwa lori kwenda mashamba ya Tanga na Morogoro. Ndiyo maana tuliwaita manamba. Wengi walirudi na sanduku la bati na baiskeli. Wengine walirudi kwa barua ya mistari miwili, na mwili ukabaki huko huko kwenye joto. Usharika ule ulikuwa na watu kumi na watano wa namna hiyo, na kina mama zao walikuwa hawana hata mahali pa kwenda kupalilia majani. Mzee Nehemia, aliyekuwa mkuu wa wazee wa kanisa, alinipokea kwa kunieleza kazi yangu yote kwa pumzi moja. "Fundi, sisi tunataka mnara kama ule wa bomani. Mrefu. Uonekane." Nikamuuliza, "Mzee, mama aliyefiwa ataufanya nini mnara? Ataukumbatia?" Akanitazama kuanzia viatuni kwenda juu. "Huyu kijana," akawaambia wenzake kwa Kibena, akidhani sitasikia, "ana maneno kuliko matofali." Wakacheka, na mimi nikacheka, lakini baada ya siku tatu za kubishana waliniachia nifanye nitakavyo, kwa sharti moja tu: mti wa asili usikatwe hata mmoja.

Mahali nilipopachagua palikuwa kijisitu chenye chemchemi, pembeni ya njia itokayo Makambako, mwendo wa kama robo saa kabla ya nyumba ya kwanza ya kijiji. Nilikwenda pale kila siku kwa wiki mbili bila kushika mwiko. Nilikwenda asubuhi ukungu ukiwa umelala, nikaenda mchana, nikaenda mvua ikinyesha ili nione maji yanapita wapi. Nilipanga vigingi na kamba kati ya miti, nikavipangua, nikavipanga tena. Mwishowe nikapata nusu duara, ukuta wa mawe unaopinda kufuata miti badala ya miti kuupisha ukuta, na mlango wake mpana umeelekea njia. Nilitaka mtu yeyote atokaye Makambako akutane na ukuta ule kwanza, kabla hajaona moshi wa jiko lolote. Juu ya ukuta vingekaa vidaka kumi na vitano, vishubaka vidogo vya kuwekea kitu, kila kimoja na jina chini yake, na ndani ya kila kidaka jiwe moja. Hakuna mnara, hakuna paa, hakuna msalaba mkubwa. Nakiri, hata leo sijapata kuchora kitu kizuri kuliko kile. Ningekuwa nimekichora vibaya, pengine mambo yasingekwenda yalivyokwenda.

Nilipangiwa kulala kwa Mama Obadia. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo kila mtu aliitii, na alikaa na binti yake Anyesi katika nyumba ya vyumba viwili na jiko la nyuma. Nilipewa chumba cha mwanawe. Kitanda kilikuwa cha kamba, kimetandikwa, na ukutani kwenye msumari lilining'inia koti zito la sufu, rangi ya kahawa. "Kamwene, mwanangu," aliniambia siku ya kwanza, "kila kitu humu ni chako. Koti tu usiliguse." Obadia alikuwa ameliacha alipokwenda mkonge, kwa sababu alisikia Tanga hakuna baridi, na alikuwa hajarudi kwa miaka tisa. Kila Jumamosi mama yake alilitoa, akalianika juani, akalikung'uta, akalirudisha msumarini. Wenzake Obadia waliorudi walisema walimwacha hospitalini, ameumizwa na korona, ile mashine ya kukamulia mkonge, na hali yake ilikuwa mbaya mno. Hawakusema amekufa. Hakuna barua iliyokuja. Kwenye orodha ya kanisa jina lake lilikuwa la kumi na tano, na mchungaji alikuwa ameweka alama ya kuuliza mbele yake. Alama ya kuuliza haina kipimo, kwa hiyo kwenye ramani yangu niliiacha.

Wazo la mawe nalo nilipewa na nyumba ile bila wenyewe kujua. Jioni tulikula jikoni, sisi watatu, ugali na maharage, au viazi na njegere, mara nyingine mboga ya maboga iliyoungwa kwa karanga, huku moshi ukitutoa machozi na mvua ikipiga bati la kanisa kule chini. Mafiga ya Mama Obadia yalikuwa meusi, mazito ajabu. Babu wa mumewe aliyabeba kutoka upande wa Liganga, kwenye mawe yenye chuma, na tangu hapo hayakupasuka. Nikamuuliza inakuwaje jiwe moja likitolewa. Akasema katika kijiji chao mtu mzima akifa, mama mwenye nyumba huweza kutoa figa moja, akaliweka kaburini. "Likishatoka halirudi motoni tena. Ukilirudisha unakuwa unapika kwa jiwe la mfu." Niliacha kula. Nikaona vidaka vyangu vyote kumi na vitano vimejaa mafiga yenye masizi, kila jiwe limetoka kwenye moto uliompikia mtu yule uji wa kwanza. Nilimsimamisha Mama Obadia pale pale penye moto, nikamwomba anyooshe mkono kama anayemgusa mtoto begani, nikapima kwa kamba kutoka sakafuni mpaka kiganjani. Ule ndio ukawa urefu wa ukuta. Anyesi alikuwa anacheka mpaka anashika mlango. "Mama, fundi anakushonea gauni," akasema.

Kuhusu Anyesi nitasema kidogo, kwa sababu hata sasa inaniuma. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa na mdomo, alinisahihisha Kibena changu cha mjini, na alikuja msituni kila adhuhuri na kibuyu cha togwa, akakaa juu ya mawe yangu akiuliza kwa nini hiki na kwa nini kile. Tulikuwa tumeelewana. Mjomba wangu angeleta barua ya posa baada ya mavuno. Ni kwa ajili yake nilikifanya kidaka cha kaka yake kiwe cha katikati, cha nane ukihesabu kutoka upande wowote, kinachotazamana na mlango, ambacho mtu aingiaye atakiona kabla ya vingine vyote. Nilifikiri hiyo ni zawadi. Nilipomwonyesha jina limechongwa tayari, hakufurahi kama nilivyotarajia. Alilipapasa kwa kidole, herufi kwa herufi, kisha akasema, "Umemuuliza mama?" Nikasema nitamuuliza wakati ukifika.

Wakati ulifika wiki tatu kabla ya siku ya kuweka wakfu. Kina mama kumi na wanne walileta mafiga yao, wengine wakilia, wengine wakiimba, na mimi nikayaweka moja moja kwa saruji. Mama Obadia alikuja kuwasaidia wenzake. Alishika mikono yao, aliwafuta machozi, na mikono yake mwenyewe ilikuwa mitupu. Nilimwambia jioni ile, kwa upole kama nilivyoweza, kwamba imebaki nafasi moja. "Naiona," akasema. "Lakini mimi sijafiwa, mwanangu. Mimi nasubiri." Akaendelea kupepeta ulezi. Nikarudia kesho yake, na kesho kutwa, nikamtuma Mzee Nehemia naye akamweleza habari za mapenzi ya Nguluvi, Mungu wetu, akajibiwa kwa heshima na kupewa kiti na viazi, akaondoka alivyokuja. Anyesi akaniambia, "Kiache wazi. Kaka akija atakaa pale, tutamcheka." Nikamjibu kwa hasira kwamba ukuta wenye pengo katikati si ukuta, ni mdomo wa kibogoyo. Nakumbuka aliacha kufua akanitazama, sabuni ikimtiririka mikononi. Sikuona alichokuwa anakitazama. Mimi niliona tu kwamba mwalimu wangu angekuja na kamera yake, na wageni kutoka Njombe, na macho ya kila mmoja wao yangeanza na tundu tupu.

Hapa ndipo nilipofanya nililolifanya. Nilikwenda Makambako na lori la miti ya miwati kuchukua mfuko wa mwisho wa saruji. Upepo wa Makambako mnaujua; nilishinda nimejikunyata nyuma ya duka la Mhindi nikisubiri lori la kurudia, sikuzungumza na mtu yeyote ila mwenye duka. Jioni tulipokaa kula, nikasema, "Mama, leo Makambako nimekutana na mtu aliyetoka mkonge." Alikuwa anasonga ugali. Akaendelea kusonga. Nikasema, "Alimfahamu Obadia. Alikuwapo walipomzika." Mwiko ukasimama. Nilidhani atapiga kelele, lakini aliniuliza kwa sauti ile yake ndogo kaburi liko wapi. Nikamwambia liko juu ya kilima, si kwenye joto la bondeni, na upepo unafika. Akauliza kama wameliwekea kitu. Nikasema limezungushiwa mawe, mawe meupe, yamepangwa vizuri, na upande wa kichwani pana mti. Kwa robo saa nzima nilimjengea mwanawe kaburi kwa maneno, naye akauliza, nami nikaongeza, na ilikuwa kazi safi, haina ufa. Mwishowe akauliza, "Walimwimbia?" Nikasema walimwimbia. "Wimbo gani?" Nikautaja ule wa jioni, aliokuwa akiupenda Obadia, ambao mama huyo huyo alikuwa ameniambia miezi miwili nyuma kwamba Obadia anaupenda. Alikaa chini sakafuni. Akasema, "Basi hawakumtupa."

Anyesi alikuwa mlangoni na ndoo ya maji kichwani, sijui tangu saa ngapi. Aliitua polepole. "Huyo mtu anaitwa nani?" akauliza. Nikasema sikumuuliza jina. "Umemuuliza wimbo," akasema, "jina hukuuliza?" Nikasema lori lilikuwa linaondoka. Alimwinua mama yake, akampeleka chumbani, na mimi nikabaki na sufuria ya ugali uliosongwa nusu. Nimeishi miaka mingi tangu jioni ile, nimejenga makanisa, madarasa, nyumba za wakubwa, na watu wamenisifu kwa moyo wa kweli, lakini nikisifiwa namsikia Anyesi akiuliza swali lile. Ningeweza kusema pale pale, nimekosa, nimetunga. Maneno yalikuwa mafupi. Nilikuwa na nafasi ya kuyasema mpaka asubuhi.

Asubuhi Mama Obadia alizima moto kwa maji. Alisubiri jiwe lipoe, akalichimbua mwenyewe, hakutaka msaada, akalitia kichwani juu ya kata ya majani akaenda nalo msituni kwa miguu mitupu, na majirani wakaanza kutoka majumbani wakimfuata. Lile jiwe la Liganga lilimwelemea, shingo ilimtetemeka, lakini hakulitua. Alilitia kidakani kwa mikono yake. Lilikaa barabara, kana kwamba nilichukua vipimo vyake. Kisha akaweka kiganja juu yake, kwa urefu ule ule niliompima, na akalia kama sijapata kusikia mtu akilia kabla wala baada. Waliomboleza siku tatu. Siku ya kugawa vitu vya marehemu hakukuwa na vitu vya kugawa ila koti, na koti lile alinipa mimi. "Umeniletea habari za mwanangu," akasema. "Vaa. Baridi ya kwetu itakuua." Nililivaa. Siku ya wakfu nilikuwa nimelivaa, nimesimama mbele ya ukuta usio na pengo, mwalimu wangu akipiga picha, Mzee Nehemia akiwaambia wageni kwamba tangu mwanzo yeye hakupenda minara.

Obadia alirudi miezi miwili baadaye. Mimi nilikuwa bado kijijini, nawajengea ghala la shule. Anyesi alikuwa akinipakulia chakula bila kunitazama, na habari za posa nilikuwa naziahirisha kwa visingizio vya mvua. Siku hiyo, kama saa nane mchana, alikuja nyumbani mke wa jirani, msichana aliyeolewa mwaka uliopita kutoka upande wa Lugarawa, hakuwajua watu wa zamani wa kijiji. Alikuwa na kifurushi. Akasema alikuwa akikata majani kule msituni asubuhi, akaja mgeni kwa miguu kutoka njia ya Makambako, mwanaume mwembamba, mkono wa kulia hauna kiganja. Alipoona ukuta akaingia. Akasimama mbele ya jiwe la katikati muda mrefu, mpaka yeye akaona aibu, akamsalimu. "Akaniuliza haya ni nini. Nikamwambia ni ya waliokufa mkonge, kila mama ameleta figa lake. Akaniuliza hili la katikati nalo aliliweka mama mwenyewe, au liliwekwa na watu wa kanisa? Nikasema mwenyewe, kwa kichwa chake, mimi nilimwona. Akasema sawa. Akasema, mpe Mama Obadia hiki, mwambie mtu aliyefanya kazi na mwanawe anamsalimu. Akageuka akarudi alikotoka. Nikamwambia nyumba ni karibu tu, kaka, karibu maji. Akasema amechelewa."

Ndani ya kifurushi mlikuwa na doti ya kanga na sukari. Mama Obadia alizigusa kanga, akazikunjua, akazikunja. Akauliza, "Hapa juu ya jicho alikuwa na kovu?" Yule msichana akajishika juu ya jicho la kushoto, akafikiri. "Ndiyo, mama. Hapa." Nilichofanya mimi ni kukimbilia baiskeli. Sikumbuki njia. Nakumbuka nilikuwa nimevaa lile koti na lilikuwa linanichoma kwa joto na sikusimama kulivua. Makambako nilimkuta karani wa kambi ya manamba anafunga daftari. Alikuwa amemwona. Obadia alikuja kuomba kuandikishwa, karani akamwambia mtu asiye na kiganja hatuandikishi, basi akapanda lori lililokuwa linakwenda Mbeya. "Alisema atatafuta njia ya Kusini, kwenye migodi. Nikamwambia, ndugu yangu, huko nako watakutaka mikono miwili. Limeondoka kama saa moja iliyopita." Nikamuuliza alijiandikisha jina gani. "Hakujiandikisha, nimekwambia. Nilipomuuliza kwao wapi, akasema kwao walishamzika." Nilikwenda Mbeya wiki ile, nikaenda tena mwezi uliofuata. Mchungaji aliandika barua kila alikojua kuna mtu wa kwetu. Hakuna aliyemwona Obadia tena, wala mama yake hakumwona, mpaka mama akafa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakutembea ile robo saa iliyobaki. Nadhani miaka yote tisa hakuandika kwa sababu ya mkono. Nadhani alikuja akiwa na hofu moja, kwamba mtu wa nusu hatapokelewa, na akakutana na kitu nilichokiweka njiani makusudi, kabla ya nyumba yoyote, kikimwambia kwa herufi nzuri kwamba mama yake amekwisha kumwacha. Kingekuwa tundu tupu lenye jina lake angejua anasubiriwa. Hata mtoto angelijua hilo.

Niliporudi kutoka Makambako siku ile jioni ilikuwa inaingia. Mama Obadia alikuwa jikoni. Alikuwa anapika juu ya mafiga mawili na tofali, kama alivyokuwa akipika tangu siku ile, na alikuwa amejifunga kanga moja kati ya zile mbili. Anyesi alikuwa kwenye kona, anachagua maharage ungoni. Nilisimama mlangoni, na uso wangu ulisema yote, kwa hiyo hawakuuliza. Nilikuwa nimeazimia njia nzima, nikikanyaga pedali, kwamba nikifika nitasema. Nilikuwa na sentensi yenyewe tayari mdomoni. Mama Obadia akaniashiria kigoda, akaniletea maji ya kunawa, akanimiminia mwenyewe mikononi kama mtu anavyomfanyia mgeni aliyetoka mbali.

"Yule mtu wa Makambako," akasema, "aliyekwambia habari za kaburi. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Anyesi aliacha kuchagua maharage. Hakunyanyua kichwa, lakini vidole vilisimama. Nilimsikia akisubiri. Najua sasa kwamba alikuwa akinipa nafasi, na kwamba kama ningesema kweli jioni ile, mbele ya mama yake, pengine angenichukia mwaka mmoja au miwili, kisha tungeona. Badala yake alinyamaza kwa ajili ya mama yake mpaka siku mama alipokufa, na kwa ajili yake mwenyewe mpaka mwezi uliopita.

"Mtu wa kawaida tu, mama," nikasema.

Mama Obadia akatikisa kichwa. Alikaa karibu yangu, akanishika mkono wenye maji, na machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana. Wewe ulikuwa unatutakia mema, na watu wabaya wakakutumia. Usijilaumu. Walikudanganya."

Nikasema, "Ndiyo, mama. Walinidanganya."

Akanipakulia ugali, akanisogezea mboga. Anyesi akainuka na ungo wake, akapita kati yetu, akatoka nje. Nami nikala.